Kitosh alikufa kwa kupanda farasi wa bosi, na kesi yake bado inakuhusu

Chukulia wewe ni mwanaboda hapa Malaba na pikipiki ni ya tajiri. Amekuambia uisukume hadi nyumbani, usiiwashe. Jua ni kali, ukaamua kuipanda. Je, hapo unastahili kufa?

Yalimkuta Kitosh, Juni 1923, kwenye shamba la mzungu Jasper Abraham kule Molo. Alitumwa stesheni kuchukua farasi jike, akaonywa amwongoze kwa kamba, asimpande. Akampanda. Siku chache baadaye, Jumapili, akacharazwa viboko, kisha akafungwa ndani ya stoo. Usiku huohuo akakata roho.

Jina lake si geni huku Amagoro. Majirani zetu Wabukusu ndio mkoloni alikuwa akiwaita Kitosh.

Kesi ilisikizwa Nakuru mwezi wa Agosti. Sasa sikia vituko. Daktari aliyepasua maiti alisema ni majeraha yaliyomuua. Mshtakiwa naye akaletewa madaktari wawili kutoka Nairobi, wakasema viboko peke yake visingetosha: eti Kitosh mwenyewe alitaka kufa! Jopo la wazungu watupu likaamua hayo si mauaji, ni kuumiza vibaya tu. Abraham akapewa miaka miwili jela. Karen Blixen aliisimulia kesi hiyo katika kitabu chake Out of Africa cha mwaka 1937.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Wakati huo Kenya ilitumia sheria ya jinai iliyotoka India. Hukumu hiyo iliwakera wakubwa wa Ofisi ya Makoloni kule London, ikawa sababu mojawapo ya kutaka sheria mpya. Ikaja mwaka 1930, na ndiyo Kanuni ya Adhabu tunayoitumia hadi leo.

Kaisome, kifungu cha 213. Ukimjeruhi mtu akafa, hutaponea kwa kusema angepona kama angekubali matibabu, au alikuwa mgonjwa tayari, au kwamba pigo lako peke yake lisingemuua. Bado umesababisha kifo.

Kwa hivyo siku kijana akishikwa na simu ya wizi pale stendi na watu waanze kuokota mawe, usijidanganye kwamba kofi lako moja halina neno. Wenzako wakimmalizia, nawe unaweza kuhesabiwa. Mpelekeni kituoni akiwa hai. Kitosh hakupata mtu wa kusema hivyo.