Kabla hujanunua laptopu nyembamba

Mteja akinitaka ushauri wa laptopu, simuulizi kasi. Namuuliza itasafiri na nini. Mwalimu wa Kwamsisi anayetoka Mkata kwa bodaboda, begi mgongoni, shida yake si ya karani wa Korogwe mjini ambaye kompyuta yake haijui jua.

Fasheni ya wembamba aliivumisha Steve Jobs Januari 2008, alipochomoa MacBook Air kwenye bahasha ya kaki mbele ya watu. Mwaka 2011 Intel nao wakawahimiza watengenezaji wengine wafuate, wakaziita Ultrabook. Siri ilikuwa prosesa ya wati 17, wakati laptopu nyingi za kawaida zilikula 35. Umeme ukipungua, joto nalo hupungua, na feni kubwa haina kazi tena.

Siku hizi pengo kati ya nyembamba na ya kawaida limeziba mno. Chukua ndugu wawili wa Lenovo wa mwaka 2018, wote wa kioo cha inchi 14: ThinkPad T480 na X1 Carbon. Carbon ina kilo 1.13, T480 kama 1.6. Unene wanapishana milimita 4. Kwa nusu kilo hiyo, tazama unachoacha! T480 ina betri ya nje inayochomoka kwa vidole. Ikichoka unaweka nyingine bila kumwona fundi. Ina nafasi mbili za RAM na tundu kamili la waya wa mtandao. Carbon RAM yake imelehemewa kwenye bodi: ukiinunua na GB 8, ndizo hizo hadi itakapokufa. Waya wa mtandao unataka kiunganishi, na viunganishi hupotea (sijui huwa vinakwenda wapi).

Kwenye barabara ya vumbi na mashimo, cha kuogopa ni diski ya kuzunguka. Ikitikiswa inapofanya kazi, kichwa chake kinaweza kukwaruza sahani na kazi zako zikapotea. SSD, hifadhi inayoshika nafasi ya diski hiyo, haina kinachozunguka. Nyembamba huja nayo, ila hata ya kawaida unaifungia.

Kwa mshahara wa kijijini, nasema chukua ya kawaida, tia SSD. Hakikisha prosesa ya Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu, maana Windows 11 haizikubali rasmi karibu zote za nyuma, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 2025. Ukiamua nyembamba, lipia GB 16 dukani siku hiyohiyo. Baadaye usije kwangu.