Mcheri Mweupe: Mti Uliopotea Kwao Ukahifadhiwa Ugenini

Iko miti ipandwayo kwa ajili ya matunda, na iko ipandwayo kwa ajili ya kupumbaza macho. Mcheri wa mapambo ni wa kundi hili la pili. Katika nchi zenye majira ya baridi, theluji inapokwisha kuyeyuka, mti huu hujifunika maua kuanzia tawi la chini hadi kileleni. Ukapendeza kwa wiki moja au mbili, kisha petali zake zikapukutika na kutanda chini kama zulia. Wajapani huuita sakura, nao wameuenzi kwa karne nyingi.

Juma hili twawaletea wasomaji wetu habari za mcheri mmoja uitwao Tai-haku, maana yake Nyeupe Kuu. Kila ua lake lina petali tano, jeupe pepe, na upana wake hufikia sentimita 6. Majani machanga huchipuka yakiwa na rangi ya shaba, na weupe wa maua ukazidi kung'ara. Ajabu ni kwamba mti huu ulikuwa umetoweka kabisa katika nchi yake ya asili.

Mabadiliko makubwa yalipoingia Japani kuanzia mwaka 1868, bustani nyingi za mabwana wa zamani zilitelekezwa, na aina nyingi za micheri zikapotea pamoja nazo. Mahali pengi ikapandwa aina moja tu, ikuayo upesi.

Mwaka 1923, Mwingereza mmoja mpenzi wa miti, Collingwood Ingram, aliuona mcheri uliokuwa karibu kufa katika bustani ya nyumba moja huko Winchelsea, kusini mwa Uingereza. Hakulijua jina lake, lakini maua machache yaliyosalia yalimvutia. Akachukua vijiti na kuvipandikiza bustanini kwake.

Mwaka 1926 alisafiri hadi Japani. Huko mzee Funatsu, aliyejitolea umri wake kuhifadhi micheri, alimkunjulia mchoro wa kale uliorithiwa katika ukoo wake. Ulikuwa mchoro wa maua makubwa meupe. Mzee akasema kwa masikitiko kwamba mti huo hauonekani tena popote. Ingram akautambua papo hapo: ndio ule aliouacha nyumbani kwake.

Kuurudisha hakukuwa kazi nyepesi. Mcheri wa namna hii hauaminiki kwa mbegu, kwani mche wa mbegu huenda usifanane na mama yake. Hukatwa kijiti kikaungwa juu ya shina la mcheri mwingine, kazi ambayo wakulima wa maembe hapa kwetu waijua vyema. Vijiti vilivyopelekwa kwa meli vilikauka njiani kwa joto la bahari za kusini. Hatimaye vilichomekwa ncha zake ndani ya viazi ili visikose unyevu, vikapitishwa kwa gari la moshi katika baridi ya Siberia. Mwaka 1932 Tai-haku ikashika tena katika ardhi ya Japani. Ingram mwenyewe aliishi hadi mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 100.

Bustani kubwa na uga mdogo

Kwa jamaa zetu waishio Uingereza na nchi nyingine za baridi, mti huu wafaa zaidi penye nafasi, kwa maana hufikia mita 8 kwenda juu na hutandaza matawi mapana. Katika bustani ya Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, imepandwa zaidi ya miti 300 pamoja, na familia huenda kukaa chini yake wakati wa maua. Mwenye uga mwembamba atafute Amanogawa, usimamao wima kama mnara. Na asiye na uga hata kidogo aweza kupanda Kojo-no-mai ndani ya chungu, kwani ni mfupi wa kimo.

Yote hutaka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Mizizi yake hukaa karibu na uso wa ardhi, basi usipandwe kando ya sakafu ya mawe. Matawi yakatwe wakati wa kiangazi, si wakati wa baridi, ili kuvu isipate njia kupitia jeraha.

Sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu tusijisumbue kuagiza miche, maana bila majira ya baridi matumba hayaamki.

Leo kila Tai-haku duniani, iwe Kyoto au Alnwick, ni mzao wa mti ule mmoja wa Winchelsea. Lau vijiti vile visingechukuliwa mwaka 1923, Nyeupe Kuu ingebaki kuwa rangi tu juu ya karatasi.