Imani Yenye Miguu

Masomo: Yakobo 2:14-26 na Yoshua 2:1-21



Leo tutafakari swali moja: Je, imani inageukaje kuwa tendo? Wengi wetu tumekaa kanisani miaka mingi. Twaijua Kanuni ya Imani kwa moyo. Twazijua nyimbo pasipo kufungua kitabu. Lakini inapofika siku ya kuisimamia kweli mbele ya watu, twajikuta tumenyamaza. Si kwamba hatuamini. Ni kwamba imani yetu haijashuka kutoka kinywani hadi miguuni.

Yakobo alilijua jambo hili. Anatukumbusha kwamba hata pepo wachafu wanajua kuwa Mungu ni mmoja, nao hutetemeka. Basi kujua peke yake hakutoshi. Kisha anatupa mifano miwili ya watu walioamini kwa kutenda. Wa kwanza ni Ibrahimu, na hilo halitushangazi. Wa pili ni Rahabu, kahaba wa mji wa Yeriko, mwanamke asiye wa Israeli. Kwa nini yeye?

Soma habari zake kwa makini. Rahabu aliwaambia wale wapelelezi wawili kwamba habari za Bahari ya Shamu zilifika Yeriko, na mioyo ya watu wote ikayeyuka. Watu wote! Mfalme alisikia, askari walisikia, na raia walisikia. Habari ilikuwa moja, na hofu ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika tendo. Wenzake walifunga lango la mji. Rahabu alifungua mlango wa nyumba yake. Aliwapandisha wageni wale darini, akawafunika kwa mabua ya kitani.

Tena angalia utaratibu wake. Aliwaficha kwanza. Kiapo na ile kamba nyekundu ya dirishani vilikuja baadaye. Sisi twapenda kungoja mpaka tuhakikishiwe kwamba hatutapata hasara, ndipo tutende. Rahabu hakungoja. Hakuwa na upanga wala cheo. Alitumia alivyokuwa navyo: dari, mabua na kamba.

Labda utasema, hayo ni mambo ya kale. Basi tuje karibu, kwa jirani zetu wa Uganda. Janani Luwum alikuwa mwalimu wa shule, Mwacholi wa Mucwini katika sehemu za Kitgum. Mwaka 1948 aliokoka katika ule Uamsho wa Afrika Mashariki ambao wazee wetu hapa Kenya wanaujua vema. Baadaye akawa mchungaji. Mwaka 1969 akafanywa Askofu wa Uganda ya Kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wakati huo Idi Amin alikuwa akitawala Uganda, na watu wengi walikuwa wakikamatwa wasirudi tena makwao.

Usiku wa manane, tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu wakitafuta silaha. Hawakuziona. Je, alifanya nini? Hakujificha, wala hakuwachochea watu kwenda kulipiza kisasi. Aliwaita maaskofu wenzake, wakakaa pamoja, na tarehe 10 Februari wakamwandikia Rais barua. Katika barua hiyo walieleza wazi upekuzi ule na mauaji yaliyokuwa yakiendelea katika nchi.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakashtakiwa mbele ya umati wa askari kwamba wameingiza silaha kwa siri. Askofu Mkuu akatengwa na wenzake. Siku ile ile aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari, lakini watu hawakudanganyika. Utawala wa Amin ulianguka mwaka 1979. Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa lote la Uganda, kwa kumkumbuka Janani Luwum.

Msikilizaji, kutokana na habari hizi twaona mambo matatu.

Kwanza, ujasiri hujengwa kabla ya siku ya hatari. Ndugu wa Uamsho walifundishana kutembea nuruni. Mtu aliyeokoka alirudisha alichoiba. Aliyemkosea mwenzake alikwenda kuomba msamaha. Hayo yaonekana kuwa madogo, lakini ndiyo shule ya ujasiri. Asiyeweza kumwambia jirani yake ukweli juu ya shilingi kumi, atawezaje kumwambia mkubwa ukweli juu ya uhai wa watu?

Pili, ujasiri wa Kikristo hutembea na wenzake, tena hutembea mchana. Barua ile haikuwa ya mtu mmoja, wala haikuwa ya siri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiona jambo baya katika kijiji chako, watafute ndugu wawili watatu, ombeni pamoja, kisha mwendeni mhusika uso kwa uso.

Tatu, ujasiri si kutafuta kifo. Baada ya mauaji yale, Askofu Festo Kivengere na mkewe walivuka mpaka kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Je, huo ulikuwa woga? La. Bwana Yesu mwenyewe aliwaruhusu wanafunzi wake kukimbia mji mmoja na kwenda mwingine wanapoteswa. Aliyebaki alimtumikia Mungu, na aliyeondoka aliendelea kuhubiri msamaha, hata kwa Amin. Swali si, "Nani ameumia zaidi?" Swali ni, "Bwana ameweka hatua gani mbele yangu?"

Na hatua yako ni ipi? Pengine katika kijiji chako yuko mjane. Mumewe amezikwa juzi, na tayari shemeji wameanza kusogeza mpaka wa shamba. Wewe unajua mpaka ulipo, kwa maana ulikuwapo siku ulipopandwa. Jumapili ulimwombea mjane huyo kwa machozi. Lakini siku ya baraza, chifu anapouliza nani anajua habari za shamba hili, wewe unatazama chini. Wale shemeji ni rafiki zako. Mmoja wao anakudai. Ukisema, huenda hawatakusalimu tena.

Ndugu yangu, dada yangu, hapo ndipo imani yako inapoitwa kwa jina. Kwa mjane yule, sala yako ya Jumapili na neno lako la barazani ni kitu kimoja. Ukimnyima la pili, umemwambia aende kwa amani naye hana chakula wala nguo, kama yule mtu anayetajwa na Yakobo.

Basi usingoje mpaka hofu iishe. Huenda isiishe. Rahabu aliishi katika mji uliojaa hofu, naye akatenda. Anza na hatua moja wiki hii. Mtembelee mjane huyo. Mweleze mzee wa kanisa unayoyajua, umwombe muandamane. Siku ya baraza ikifika, inuka useme yale uliyoyaona, bila matusi na bila kuongeza chumvi. Kisha mwachie Mungu yatakayofuata.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, umetupa midomo ya kukiri jina lako. Tupe na miguu ya kwenda unakotutuma. Uwaimarishe wote wanaosimama peke yao leo kwa ajili ya kweli. Utuondolee chuki tunaposema kweli, na utuondolee woga tunapotaka kunyamaza. Uwalinde wajane na yatima, nasi utufanye kuwa jirani zao kwa matendo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.