Lindau, Bandari ya Kupitia

Kadi za posta za Lindau, mji wa kisiwani kusini kabisa mwa Ujerumani, hurudia picha moja: upande wa kushoto wa lango la bandari simba wa jiwe mwenye kimo cha mita 6, upande wa kulia mnara wa taa wa mita 33, na kati yao maji ya ziwa Bodensee na milima ya Alpi. Anayeitazama hudhani anaona mambo ya kale. Mji wenyewe ni mkongwe kweli. Jumba lake la zamani la baraza lilianza kujengwa 1422, na bunge la dola ya Wajerumani lilikutana hapo 1496. Lakini lango hilo maarufu lilikamilika 1856 tu, nalo ni mtoto wa reli. Treni zilifika kisiwani miaka ya 1850 juu ya tuta lililojengwa majini, na serikali ya Bavaria ikataka bandari inayostahili reli yake, abiria washuke kwenye behewa na kupanda meli bila kutembea mbali. Simba huyo, ambaye ni nembo ya Bavaria, anatazama ziwani kwa wanaoingia, amewapa mgongo walio mjini. Kwa hiyo anayekaa mkahawani kuipiga picha bandari hii haielewi vizuri. Ilijengwa kwa ajili ya watu wanaopita, na mgeni atafaidi zaidi akiitumia hivyo.

Ushahidi uko hatua chache tu kutoka gatini. Mnara mzee wa mraba uitwao Mangturm, wenye paa la vigae vya rangi, ndio uliowaonyesha manahodha njia kabla ya ule mpya kuwashwa. Nyuma yake zipo nyumba za matajiri waliouza chumvi na nafaka, kwa sababu njia ya mizigo kutoka kusini mwa Ujerumani kwenda Milano ilipita hapa. Meli za mvuke zilianza kazi ziwani 1824. Kuanzia 1869 hata mabehewa yalivushwa yakiwa na shehena yake hadi Romanshorn, upande wa Uswisi. Mtu wa Kigoma ataelewa mambo haya haraka kuliko mgeni wa Paris: reli inakoma ufukweni, na meli inapokea mzigo. Ziwa Tanganyika ni kubwa kuliko Bodensee mara sitini hivi, lakini utaratibu ulikuwa uleule. Meli Liemba iliundwa Papenburg 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kupelekwa Kigoma. Mwaka huohuo Bodensee ilipata meli ya magurudumu Hohentwiel. Nayo ingali inaelea, ikitunzwa Hard upande wa Austria, na inabeba abiria kwa nguvu ya mvuke.

Yupo atakayesema kwamba hayo yamepita. Chumvi haiko, mabehewa hayavushwi tena, na meli za leo hubeba watalii, nyingi zikipumzika majira ya baridi. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kuipuuza. Lakini tazama walichokipigania wenyeji. Palipokuwa na mpango wa kuhamishia treni zote bara, mabishano yalichukua miaka mingi. Mwishowe, Desemba 2020, treni za masafa marefu zilipata kituo kipya cha Reutin ng'ambo ya pili, na treni za mkoa zikaendelea kuingia kisiwani. Hadi leo kituo cha zamani kiko ubavuni mwa bandari, na kutoka jukwaa la treni hadi gati la meli ni mwendo wa dakika chache. Mji unaotaka kuwa makumbusho tu usingesumbukia reli kiasi hicho.

Wengine hulalamika kwamba kisiwa hujaa watu na bei ni kali. Ni kweli, hasa Julai na Agosti. Ila dawa yake imo katika hoja yangu: ondoka. Meli huvuka hadi Bregenz, Austria, kwa dakika kama ishirini, na huko gari la kamba lililoanza 1927 hupandisha watu hadi mlima Pfänder, mita 1,064, ambako ziwa lote liko chini. Ukipenda baiskeli, njia ya kulizunguka ziwa ina kilomita 260 na zaidi na hupita nchi tatu. Katika sehemu kubwa ya ziwa, mpaka wenyewe majini haujakubaliwa na nchi hizo kwa mkataba wowote hadi leo, jambo ambalo sijui ziwa jingine la Ulaya linaloweza kujivunia. Atakayebaki Lindau naye ataoga ziwani bila hofu, kwani maji haya hunyweshwa watu wapatao milioni nne baada ya kusafishwa.

Wakati mzuri kuliko wote wa kuondoka hivyo ni jioni za Julai na Agosti, msimu wa tamasha la opera la Bregenz, lililoanza 1946 kwenye mashua mbili za kubebea kokoto. Jukwaa lake sasa limejengwa ndani ya ziwa, na watazamaji wa Lindau huenda kwa meli, wakipita kati ya simba na mnara jua linapotua.