Waa la rangi kwenye kioo cha televisheni

Wiki hii nina swali kutoka Dutwa, pale njiani kati ya Lamadi na Bariadi. Mzazi mmoja anasema mwanawe wa darasa la sita alibandua sumaku ya spika mbovu, akaigusisha kwenye kioo cha televisheni yao ya chogo, ambayo bado inawahudumia kwa msaada wa kisimbuzi. Picha ilipinda, rangi zikachafuka, na sumaku ilipoondolewa likabaki waa la zambarau pembeni. Fundi ametaka fedha nyingi ili abadili tyubu. Mzazi anauliza: sumaku imeunguza nini?

Haijaunguza kitu. Hebu tutazame mle ndani.

Chogo lile ni chupa kubwa ya kioo iliyonyonywa hewa karibu yote. Shingoni mwake mna vikopo vidogo vya nikeli, madini yale yale ambayo wataalamu wameyapima katika vilima vya Dutwa. Hiyo ndiyo kathodi, yaani ncha hasi ya umeme. Ikipashwa moto hutoa miali isiyoonekana kwa macho, ambayo hukimbia hadi kugonga unga uliopakwa nyuma ya kioo cha mbele, na unga huo hung'aa. Koili za waya zilizozungushiwa shingo ni sumaku za umeme. Ndizo zinazoipinda miali ipite kila sehemu ya kioo. Mtoto wa Dutwa aliongeza sumaku yake, naye akaipinda.

Sasa, ni kitu gani hicho kinachopindwa na sumaku? Mwanga wa tochi haupindiki hivyo. Mjerumani Plücker aliliona jambo hili mwaka 1858, na bado wanasayansi walibishana kwa karibu miaka arobaini. Waingereza, akina Crookes, walisema ni chembe zenye umeme. Wajerumani wengi walisema ni mawimbi, ndugu wa mwanga. Usidhani walikuwa wakaidi tu. Heinrich Hertz, ambaye baadaye aligundua mawimbi ya redio yanayonifikisha kwako, mwaka 1883 aliipitisha miali katikati ya vibati viwili, kimoja chenye umeme chanya na kingine hasi. Kama ni chembe zenye umeme, zingevutwa upande mmoja. Hazikuvutwa. Ungekuwa wewe, ungesemaje?

Mwaka 1895 Mfaransa Jean Perrin aliikinga miali kwa kopo la chuma, akakuta kopo limepata umeme hasi. Wapinzani hawakutikisika. Watu wawili kushuka basi moja pale Dutwa si ushahidi kwamba ni ndugu. Huenda umeme ule ulisafiri tu pamoja na miali.

J. J. Thomson wa Cambridge alilijibu hilo mwaka 1897 kwa kuliweka kopo kando, nje ya njia. Miali iliponyooka, kopo lilipata umeme kidogo sana. Alipoipinda kwa sumaku mpaka ikaingia koponi, umeme hasi ukajaa. Alipozidisha kuipinda ikalipita kopo, umeme ukapungua tena. Kisha akarudia jaribio la Hertz katika chupa iliyonyonywa hewa vizuri zaidi, na safari hii miali ikavutwa upande wa kibati chanya. Kumbe kilichomponza Hertz ni hewa iliyobaki: miali iliifanya ipitishe umeme, na nguvu ya vibati ikafifia. Pampu dhaifu iliwapotosha watu miaka kumi na minne!

Chembe hizo leo tunaziita elektroni, na moja haifikii hata sehemu moja ya elfu ya uzito wa atomi ya haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko atomi zote. Wajerumani nao walifutwa machozi: mwaka 1927 mtoto wa Thomson, George, alionyesha kwamba elektroni zina tabia za mawimbi pia. Baba alipewa Nobeli mwaka 1906, mwana mwaka 1937.

Turudi Dutwa. Nyuma ya kioo cha televisheni ya rangi kuna wavu mwembamba wa chuma unaoelekeza kila mwali kwenye rangi yake. Wavu huo ndio ulioshika nguvu ya sumaku, kama sindano iliyosuguliwa, na sasa miali inakosea rangi. Televisheni nyingi za rangi zina koili ya kufuta usumaku huo zinapowashwa zikiwa zimepoa. Basi izime kwa nusu saa, iwashe, urudie mara kadhaa. Waa likigoma, tafuta fundi mwenye koili ya mkononi, ambaye ataliondoa bila kufungua nyuma. Usikubali kubadilishiwa tyubu kabla ya hapo.

Wala kijana asifungue chogo mwenyewe eti kwa kuwa ameipenda sayansi. Umeme unaoivuta miali hufikia volti 20,000 na zaidi, na huweza kubaki kwenye tyubu hata waya ukishachomolewa ukutani. Na siku televisheni hiyo itakapokufa kweli, isitupwe jalalani wanakochezea watoto. Kioo cha chogo kina madini ya risasi, na tyubu ikipasuka vigae vyake huruka kwa nguvu.