KUHAMISHA MICHE YA PILIPILI HOHO BILA KUIUA



Baadhi yenu mliniuliza kwa nini miche ya pilipili hoho hupendeza kitaluni, lakini ikihamishiwa bustanini hulala chini siku ya pili. Swali hilo lilinikumbusha kosa langu. Nilipoanza bustani hapa Mpapura, nilihamisha miche arobaini saa sita mchana. Jioni yote ilikuwa imenyauka, na baada ya wiki ilibaki minne. Hasara haikuwa mbegu tu. Yalipotea pia maji ya wiki nyingi, na kwetu wakati wa kiangazi maji ni jasho la mtu aliyebeba ndoo kichwani.

Tuanze na sababu. Mche hunywa maji kwa vinywele vidogo vya mizizi. Unapouhamisha, vingi hukatika, lakini majani yanaendelea kupoteza maji kwa jua na upepo. Yanayotoka yakizidi yanayoingia, mche hunyauka. Kwa hiyo kazi yetu ni mbili: kulinda mizizi na kupunguza kiu ya majani.

Kwanza, subiri mche ufikie sentimita 10 hadi 15 na majani kamili manne hadi sita.

Pili, ukomaze. Siku 7 kabla ya kuhamisha, punguza maji na kivuli kidogo kidogo ili uzoee jua.

Tatu, andaa mashimo mapema. Acha sentimita 45 kati ya mche na mche, na 60 kati ya mistari. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, maana udongo wa kichanga haushiki maji. Samadi mbichi huunguza mizizi. Usipande palipotoka nyanya au bilinganya, kwa kuwa ni jamaa moja na huugua maradhi yale yale. Asiye na bustani atoboe matundu chini ya ndoo kuukuu ya lita 10, apande mche mmoja.

Nne, mwagilia kitalu saa mbili kabla, kisha hamisha jioni. Chimbua mche pamoja na bonge la udongo wake. Ukilazimika kuushika, shika jani, usishike shina. Jani likikatika litaota jingine, shina likivunjika mche umekwisha. Panda kwa kina kile kile cha kitaluni, shindilia taratibu kwa vidole na umwagilie papo hapo.

Tano, weka kivuli cha makuti kwa siku tatu hadi tano, na tandaza nyasi kavu bila kugusa shina. Sota hukata mashina usiku, hivyo zungushia kila shina karatasi ngumu iliyozama kidogo ardhini.

Ukiona jani jipya, jua mche umeshika. Baada ya miezi miwili hadi mitatu utaanza kuchuma.

Sasa naomba kila mmoja wenu apande mche mmoja tu. Asiseme hana maji. Yale ya udhu yanayotiririka nyuma ya madrasa kila siku yanatosha miche kadhaa, nasi huyaacha yapotee mchangani.

Wabillahi tawfiq.