KUCHAGUA NA KUTUMIA PANGA

Katika mashamba ya Kenya ni nyumba chache zisizo na panga. Kwa chombo hicho kimoja mtu hufyeka majani, hukata kuni, na huchonga vigingi vya hema alalapo safarini. Lakini panga limewajeruhi watu wengi, na mara nyingi sababu si ukali wake bali ni ubutu. Panga lisilopata humlazimisha mtu kupiga kwa nguvu nyingi. Nalo, badala ya kuingia katika mti, huteleza na kumrudia mwenyewe mguuni.

KUCHAGUA. Mnunuzi asidanganywe na rangi. Kwanza alitazame bapa kwa urefu wake, akifumba jicho moja, aone kama limenyoka. Kisha alipinde kidogo: chuma kizuri hurudi kama kilivyokuwa, bali kilicho laini hubaki kimepindika. Tena aangalie kwamba chuma kimefika mpaka mwisho wa mpini, na kwamba ribiti zake hazichezi. Mpini mnene mno huchosha mkono, na mwembamba mno huzunguka kiganjani. Kwa kazi nyingi, bapa la sentimita 40 hadi 45 latosha.

KUNOA. Mapanga mengi huuzwa bila ya makali kamili, kwa hiyo yafaa kununua na tupa. Panga lishikizwe imara juu ya gogo, na tupa isukumwe kwa mshazari, upande huu na upande huu sawasawa. Tupa hukata ikisukumwa, haikati ikivutwa. Panga lisitiwe motoni kamwe, wala lisinolewe kwa mashine mpaka chuma kigeuke rangi ya buluu, kwa sababu joto huondoa ugumu wake, na makali hayatadumu tena.

KUTUMIA. Kabla ya kuinua mkono, mtu atazame nyuma, kando na juu, asije akampiga mwenziwe au akanasa tawi. Asimame miguu imeachana, akate kwa mshazari, na pigo lielekee mbali na mguu. Mkono ushikao tawi ukae mbali na mahali pa kukata. Jasho lifutwe mpinini, na mtu aliyechoka apumzike. Gogo nene ni kazi ya shoka. Wakati wa kwenda njiani panga litiwe katika ala. Na anayempa mwenziwe aliweke chini, mwenziwe aliokote.

MTU AKIJIKATA. Jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi mpaka damu ipungue. Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni. Lenye kina au lisiloacha kutoka damu lisicheleweshwe, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Lisipakwe udongo wala samadi, kwa maana humo ndimo vikaamo viini vya pepopunda, ugonjwa uuao. Chanjo yake ipo, na hata mkato mdogo uliochafuka wafaa kuonyeshwa kwa mganga wa hospitali.

Kazi ikiisha, panga lisafishwe utomvu, likaushwe, lipakwe mafuta kidogo ya kuzuia kutu, na litundikwe mahali wasipofikia watoto. Wazee walisema: Kinolewacho hupata. Panga linolewalo na kutunzwa hufanya kazi nyingi kwa nguvu chache, na mwenye nalo hurudi nyumbani mzima.